Mshahara wa Mwezi na Malipo ya Saa: Kulinganisha Kazi ya Kenya na Kazi ya Qatar

Siku hizi tangazo la kazi ya ng'ambo huingia nyumbani kwa simu. Lina maneno machache: Qatar, kazi ya usafi, riyali 1,000 kwa mwezi, malazi na chakula bure. Anayelipokea humwonyesha mama, mama humwita mjomba, na wote wakiisha kuketi huulizana swali moja: riyali 1,000 ni shilingi ngapi?

Swali hilo ni jema, nasi hatumlaumu anayeliuliza. Tatizo ni kwamba familia nyingi hukomea hapo. Wakiisha kujibiwa kwamba ni zaidi ya shilingi 30,000, huona hesabu imekwisha. Ng'ombe huuzwa, kiwanja huwekwa rehani, chama cha akina mama hutoa mkopo, na safari huanza. Baada ya miezi kadhaa ndipo wanapogundua kwamba walilinganisha namba mbili zisizolingana: mshahara wa huku, wenye saa zake na makato yake, na mshahara wa kule, wenye saa nyingine na gharama nyingine.

Somo hili halikusudii kumzuia mtu kusafiri wala kumsukuma aende. Uamuzi huo ni wa mtu na jamaa zake. Tunachokusudia ni kumfundisha msomaji hesabu ya hatua nne ambayo mtu yeyote aliye na kalamu, karatasi na simu anaweza kuifanya kwa nusu saa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na muda wa kazi wa miaka miwili ni mali kubwa kuliko ng'ombe na kiwanja.

Sheria ya Kenya inasemaje

Tuchukue mfano wa dada anayefanya usafi wa ofisi mjini Mombasa. Kwa agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Daraja hilo linawajumuisha wasafishaji, watunza bustani, walezi wa watoto na wafanyakazi wa nyumbani. Miji midogo na maeneo mengine yana viwango vya chini zaidi.

Kima hicho hakijumlishi nyumba. Mwajiri asiyempa mfanyakazi mahali pa kulala humwongezea posho ya nyumba ya asilimia 15. Kwa dada yetu posho hiyo ni shilingi 2,417, na jumla ya malipo yake ni shilingi 18,531.

Agizo la jumla la mishahara linaweka saa za kazi kuwa 52 kwa wiki, zikigawanywa katika siku sita, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa pia likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya kila miezi 12.

Yako makato. Mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF ni asilimia 6, bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, na tozo ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5. Kodi ya mapato haimfikii, kwa kuwa malipo yake hayazidi shilingi 24,000. Makato yote ni asilimia 10.25, yaani shilingi 1,899. Anachopokea mkononi ni shilingi 16,631 na senti kidogo.

Twajua kwamba wako waajiri wasiolipa kima hiki, hasa majumbani. Hata hivyo, hesabu ya haki huanza na sheria ya pande zote mbili. Ikiwa wewe unalipwa pungufu ya kima hicho, andika unacholipwa kweli katika nafasi ya namba yetu, kisha uendelee na hatua zinazofuata.

Sheria ya Qatar inasemaje

Qatar iliweka kima cha chini cha mshahara kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 2020, ambayo utekelezaji wake ulianza Machi 2021. Kima hicho kinawahusu wafanyakazi wa mataifa yote na wa kazi zote, pamoja na wafanyakazi wa nyumbani. Kina sehemu tatu: mshahara wa msingi riyali 1,000 kwa mwezi, riyali 500 za malazi iwapo mwajiri hatoi malazi, na riyali 300 za chakula iwapo mwajiri hatoi chakula. Mishahara haitozwi kodi ya mapato.

Saa za kazi ndipo njia zinapogawanyika, na hapa twamwomba msomaji asome polepole. Mfanyakazi aliyeajiriwa na kampuni yuko chini ya Sheria ya Kazi ya mwaka 2004. Huyo hufanya kazi saa zisizozidi 48 kwa wiki, yaani saa nane kwa siku, na saa 36 kwa wiki katika mwezi wa Ramadhani. Saa za ziada hulipwa kwa nyongeza isiyopungua asilimia 25, au asilimia 50 zikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Kwa kawaida jumla ya saa za siku haipaswi kuzidi 10.

Mfanyakazi wa nyumbani hayuko chini ya sheria hiyo. Yeye anaongozwa na Sheria Namba 15 ya mwaka 2017, ambayo kikomo chake ni saa 10 kwa siku, bila kuhesabu muda wa kula, kuswali na kupumzika, pamoja na siku moja ya mapumziko kila wiki. Saa hizo kwa siku sita ni 60. Tena sheria hiyo inasema saa 10 ndizo kikomo isipokuwa pande mbili zikikubaliana vinginevyo. Maneno hayo mafupi ndiyo yanayofanya mkataba wa kazi ya nyumbani usomwe mara mbili, kwa maana sahihi yako inaweza kuwa ndiyo makubaliano yenyewe.

Hatua ya kwanza: fanya malipo yafanane

Malipo mawili hayalinganishwi mpaka yawe na sehemu zilezile. Andika safu mbili katika karatasi, ya Kenya na ya Qatar, kisha ujaze mistari minne: mshahara wa msingi, nyumba, chakula, na makato.

Kwa kubadili fedha, katika somo hili tutatumia kiwango cha mfano cha shilingi 35 kwa riyali moja. Riyali 1,000 ni shilingi 35,000. Ukiongeza malazi na chakula ambavyo sheria ya Qatar imevipa thamani ya riyali 800, jumla yake ni riyali 1,800, au shilingi 63,000.

Hapa pana mtego wa kawaida katika matangazo. Tangazo moja lasema riyali 1,000 na lingine lasema riyali 1,800. Msomaji wa haraka hukimbilia la pili, akidhani limezidi kwa shilingi 28,000. Lakini iwapo la kwanza linatoa kitanda na chakula na la pili halitoi, yote mawili ni kima kilekile cha chini. Na tangazo la riyali 1,500 lisilotoa chochote, ingawa linaonekana zuri kuliko la kwanza, liko chini ya sheria kwa riyali 300.

Hatua ya pili: gawa kwa saa

Mwezi una wastani wa wiki nne na theluthi moja. Zidisha saa za wiki kwa 52, kisha ugawe kwa 12, utapata saa za mwezi. Halafu gawa malipo kwa saa hizo.

Msafishaji wa ofisi Mombasa, saa 52 kwa wiki: saa 225 kwa mwezi. Anapokea mkononi shilingi 16,631. Kila saa ni shilingi 74.

Msafishaji wa kampuni Doha, saa 48 kwa wiki: saa 208 kwa mwezi. Anapokea shilingi 35,000. Kila saa ni shilingi 168.

Mfanyakazi wa nyumbani Doha, saa 60 kwa wiki: saa 260 kwa mwezi. Anapokea shilingi 35,000. Kila saa ni shilingi 135.

Watu wawili wa mwisho wamepanda ndege moja, wanalipwa riyali zilezile, na nyumbani wanasifiwa kwa mshahara uleule. Hata hivyo mmoja anafanya kazi saa 52 zaidi kila mwezi. Saa hizo ni sawa na wiki nzima ya kazi ya Mombasa, nazo hazina senti moja ya nyongeza. Kwa mwaka, ni wiki 12 za kazi. Kwa hiyo usiulize tu mshahara ni kiasi gani. Uliza kazi hiyo iko chini ya sheria ipi, ya kampuni au ya nyumbani, kabla hujauliza jambo jingine.

Hatua ya tatu: toa gharama ya kuipata kazi

Sheria ya Kazi ya Qatar inamkataza wakala mwenye leseni kupokea ada ya uajiri kutoka kwa mfanyakazi. Pamoja na hayo, watu wengi hufika kule wakiwa na deni walilolipa dalali huku nyumbani. Deni hilo halionekani katika mkataba, lakini linakula mshahara kila mwezi.

Tuseme mtu amelipa shilingi 120,000, na fedha hizo amezikopa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa awali. Riba ni shilingi 6,000 kila mwezi. Akilipa kwa miezi minane, riba itafika shilingi 48,000, na jumla ya deni shilingi 168,000. Maana yake ni kwamba atatuma shilingi 21,000 kila mwezi kwa ajili ya deni, na katika shilingi 35,000 zake atabakiwa na 14,000. Kwa miezi minane ya kwanza, fedha anazoweza kuziita zake ni pungufu ya zile anazopokea msafishaji wa Mombasa.

Tuligawe deni hilo katika mkataba wote wa miezi 24. Ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Mshahara wa kweli si 35,000 tena, bali 28,000. Saa ya msafishaji wa kampuni inashuka kutoka shilingi 168 hadi 135. Saa ya mfanyakazi wa nyumbani inashuka kutoka 135 hadi 108.

Kwa hesabu hii tunaona kwamba dalali hakuchukua tu shilingi 120,000. Kwa kila saa ambayo dada yule atapiga pasi au kuosha vyombo katika muda wa miaka miwili, shilingi 27 ni za deni.

Hatua ya nne: angalia sarafu na akiba

Tangu mwaka 2001 riyali ya Qatar imefungwa na dola ya Marekani, riyali 3.64 kwa dola moja. Kwa hiyo riyali haiyumbi ikilinganishwa na dola. Kinachoyumba ni shilingi yetu. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na kufikia Aprili mwaka huohuo ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyetuma riyali 1,000 Januari alizipeleka nyumbani zikiwa karibu shilingi 44,000. Aliyetuma riyali hizohizo Aprili zilifika zikiwa karibu 35,700. Hakuna aliyepunguziwa mshahara, wala hakuna aliyeiba, ila karo ya shule haikupungua kwa sababu hiyo. Anayekopa kwa shilingi huku akitegemea kulipa kwa riyali aache nafasi ya shilingi kupanda. Tena alinganishe viwango vya kubadilishia fedha na ada za kutumia, kwani tofauti ya senti 50 kwa kila riyali ni shilingi 500 katika kila riyali 1,000.

Upande wa akiba, haki itendeke kwa pande zote. Makato ya NSSF ya msafishaji wa Mombasa hayapotei. Yeye hutoa shilingi 1,112 kwa mwezi na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kwa miezi 24, hizo ni zaidi ya shilingi 53,000 zilizowekwa kwa jina lake. Qatar nako, sheria zote mbili zinampa mfanyakazi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka. Kwa miaka miwili ni wiki sita, takriban riyali 1,400, au shilingi 49,000. Vitu hivi viwili vinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba cha Kenya hukusanyika mwezi kwa mwezi, na cha Qatar hudaiwa mwishoni. Mtu anayeondoka bila kujua haki hiyo, au anayeondoka kwa kukimbia, huenda asikipate.

Saa zisizoandikwa

Hadi hapa tumehesabu saa za sheria. Sasa tuhesabu saa ambazo wengi waliorudi huzisimulia: kuamka kabla ya watoto, kulala baada ya wageni, na wiki kupita bila siku ya mapumziko. Tuseme ni saa 15 kwa siku, siku saba kwa wiki. Ni saa 105 kwa wiki, na saa 455 kwa mwezi.

Gawa shilingi 35,000 kwa saa 455. Kila saa ni shilingi 77, yaani shilingi tatu tu zaidi ya Mombasa. Akiwa na lile deni la dalali, gawa shilingi 28,000 kwa saa 455. Kila saa ni shilingi 62. Mtu huyo amevuka bahari kwenda kuuza saa yake kwa bei ya chini kuliko aliyoiacha nyumbani.

Msomaji makini atatupinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: dada wa Mombasa hulipa kodi ya chumba, nauli ya matatu na chakula, na ikifika mwisho wa mwezi hana kitu, ilhali wa Doha, hata kwa saa 455, ametuma fedha. Ni kweli. Kama wa Mombasa anatumia shilingi 13,000 kwa mahitaji hayo, anabakiwa na 3,631 tu. Ndiyo maana twashauri kila mtu aandike majibu mawili, si moja. La kwanza ni malipo ya saa: kazi yangu inanunuliwa kwa bei gani? La pili ni kinachobaki kwa mwezi: nitaweka au kutuma kiasi gani?

Majibu hayo mawili yakipingana, jua kwamba fedha ya ziada haikutoka katika ukarimu wa mwajiri. Imetoka mwilini mwako. Kati ya saa 225 na saa 455 mna saa 230, ambazo ni za usingizi, za maradhi kupona, za kuzungumza na mtoto kwa simu. Sheria za nchi zote mbili ziliweka kikomo cha saa kwa sababu hiyo. Mwili hauna saa ya ziada ya kulipwa mara moja na nusu baada ya kuchoka kabisa. Mtu mzima anaweza kukubali saa nyingi kwa miaka michache kwa sababu anazozijua mwenyewe, lakini azikubali akiwa amezihesabu, asizikute zikimngoja mlangoni.

Kabla ya kutia sahihi

Kwanza, hakikisha wakala amesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ndiyo inayosajili mawakala wa ajira nchini Kenya. Jina lililo katika tangazo lifanane herufi kwa herufi na jina la usajili.

Pili, peleka mkataba kwa afisa wa leba. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi uandikwe kwa utaratibu uliowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo ana wajibu wa kujiridhisha kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa. Wakala anayekuambia hatua hiyo inachelewesha safari anakunyima mtu wa kwanza ambaye angekusomea mkataba bila kulipwa na dalali.

Tatu, tafuta mistari mitano katika mkataba: mshahara wa msingi, malazi na chakula, saa kwa siku, siku ya mapumziko, na malipo ya saa za ziada. Mstari usiokuwapo uulizie, na jibu liandikwe. Qatar, nakala ya Kiarabu ya mkataba ndiyo yenye nguvu ikitofautiana na tafsiri chini ya Sheria ya Kazi. Kwa hiyo omba nakala zote mbili, na ikiwezekana mtafute mtu unayemwamini ajuaye Kiarabu azilinganishe.

Nne, jua haki zako ukifika. Sheria ya Qatar ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kuizuilia pasipoti ya mfanyakazi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, mfanyakazi anaweza kubadilisha mwajiri bila kibali cha yule wa kwanza, akifuata muda wa notisi. Acha nakala za mkataba, pasipoti na viza kwa mtu mmoja wa nyumbani, pamoja na anwani ya ubalozi wa Kenya mjini Doha.

Tano, weka daftari. Kila usiku andika saa uliyoanza kazi, saa uliyomaliza, na fedha ulizopokea. Daftari hilo ni mstari mmoja kwa siku, lakini siku ya kudai malipo ya saa za ziada au kiinua mgongo, ndilo shahidi asiyesahau.

Zoezi

Haya ni matangazo matatu ya mfano, yote ya kazi ya usafi katika kampuni za Doha. Msomaji ayapange kuanzia lililo bora hadi lililo duni kabla ya kutazama majibu.

Tangazo la kwanza: riyali 1,000, malazi na chakula kutoka kwa mwajiri, saa nane kwa siku, siku sita.

Tangazo la pili: riyali 1,800, mfanyakazi ajitafutie malazi na chakula, saa nane kwa siku, siku sita.

Tangazo la tatu: riyali 1,500, malazi kutoka kwa mwajiri, mfanyakazi ajinunulie chakula, saa 10 kwa siku, siku sita.

Majibu

Tangazo la kwanza na la pili ni sawa mbele ya sheria. Toa riyali 800 za malazi na chakula katika la pili, zinabaki 1,000. Kila saa katika yote mawili ni riyali 4.81. Kati ya hayo, la kwanza lina hatari ndogo kwa mgeni, kwa kuwa bei ya chumba ikipanda hasara ni ya mwajiri. La pili litakuwa bora kwa yule tu mwenye ndugu wa kuishi naye na kugawana gharama.

Tangazo la tatu ndilo lenye mtego. Toa riyali 300 za chakula, zinabaki 1,200. Kwa mwezi limelizidi la kwanza kwa riyali 200. Lakini gawa kwa saa 260: kila saa ni riyali 4.62, pungufu ya matangazo mengine mawili. Si hilo tu. Hii ni kazi ya kampuni, ambayo saa zake za kawaida ni 48 kwa wiki. Saa 12 zinazozidi kila wiki ni saa 52 kwa mwezi, nazo zinapaswa kulipwa kwa nyongeza ya asilimia 25. Kwa njia yetu ya kuhesabu, riyali 4.81 zikiongezwa robo yake ni riyali 6.01 kwa saa, na kwa saa 52 ni karibu riyali 312. Basi malipo ya chini ya haki ni riyali 1,000 za msingi, 300 za chakula na 312 za saa za ziada, jumla riyali 1,612. Tangazo linatoa 1,500. Kila mwezi limepunguza riyali 112, karibu shilingi 3,900. Kwa miaka miwili, ni zaidi ya shilingi 93,000.

Msomaji aliyepanga la tatu mwishoni amelielewa somo. Aliyelipanga la kwanza asione haya, kwani ndivyo tangazo lilivyokusudiwa lisomwe. Arudie hatua ya pili, kisha ajaribu tena kwa tangazo alilo nalo mwenyewe katika simu.

Viwango tulivyovitumia vitabadilika. Serikali zitatoa maagizo mapya ya mishahara, na shilingi itapanda na kushuka. Likitokea hilo, futa namba zetu uandike mpya, na hatua ni zilezile nne: fanya malipo yafanane, gawa kwa saa, toa gharama, angalia sarafu na akiba. Mwite mama na mjomba waketi tena mezani, na karatasi hiyo iwekwe mbele yao kabla ng'ombe hajauzwa.